Namna ya Kuandaa Kalenda ya Matukio Makuu ya Muziki wa Pop na Roki

Mpenzi wa muziki anayetunza kumbukumbu hufika mahali akatamani kuzikusanya tarehe zake pamoja: siku wimbo fulani uliporekodiwa, siku bendi fulani ilipopanda jukwaani kwa mara ya mwisho, siku aina mpya ya santuri ilipoingia sokoni. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kwa kuwa orodha za namna hiyo zimejaa kila mahali na kinachobaki ni kunakili tu. Ukianza kuzilinganisha, hata hivyo, utaona kwamba hazikubaliani hata kuhusu matukio yanayojulikana na kila mtu, na mara nyingi hakuna iliyokosea: kila moja inataja siku tofauti ya jambo lile lile. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayetaka kuandaa kalenda yake mwenyewe, iwe ya kipindi cha redio, ya gazeti au ya kujifunzia tu, na anayetaka kila mstari alioandika aweze kuusimamia akiulizwa.

Anza na kitenzi, tarehe ifuate

Kabla hujaandika tarehe yoyote, andika kitenzi. Wimbo hutungwa, hurekodiwa, huchezwa redioni kwa mara ya kwanza, hutolewa na kuingia dukani, kisha huenda ukapanda chati hadi namba moja. Na kati ya hatua moja na nyingine hupita siku, wiki, na wakati mwingine mwaka mzima au zaidi. Neno "ulitoka", ambalo ndilo tunalolitumia sana katika mazungumzo, hubeba maana hizo zote kwa pamoja, na ndiyo sababu halifai katika kalenda.

Chukua wimbo "Rock Around the Clock" wa Bill Haley na bendi yake. Ulirekodiwa New York tarehe 12 Aprili 1954, ukauzwa kwa kiasi tu, ukaelekea kusahauliwa. Baadaye ukawekwa katika filamu iliyohusu wanafunzi watukutu, na vijana waliomiminika kuitazama filamu hiyo ndio walioupandisha hadi namba moja ya chati za Marekani tarehe 9 Julai 1955. Ukichagua tarehe ya kwanza, unasimulia habari za studio. Ukichagua ya pili, unasimulia habari za vijana, sinema na fedha zilizokuwa mifukoni mwao. Zote mbili ni halali, mradi kitenzi kiseme ni ipi unayoisimulia.

Mfano ulionifunza zaidi ni wa Michael Jackson. Onyesho la kuadhimisha miaka 25 ya kampuni ya santuri ya Motown, ambalo ndani yake aliimba "Billie Jean" na kuteleza kinyumenyume kana kwamba sakafu ilikuwa inamvuta, lilirekodiwa katika ukumbi wa Pasadena, California, tarehe 25 Machi 1983, na likarushwa na televisheni ya NBC tarehe 16 Mei 1983. Kwa muda mrefu niliandika tukio hilo chini ya Machi, nikiamini kwamba tukio ni pale linapotendeka. Siku hizi naliandika chini ya Mei, na Machi naitaja ndani ya maelezo, kwa sababu waliokuwa ukumbini wangeweza kulisimulia wapendavyo lakini ni televisheni iliyolifanya liwe la ulimwengu. Kuna jambo jingine la kuangalia hapo: usiandike kwamba aliuvumbua mtindo ule. Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar alikuwa ameucheza katika televisheni ya BBC mwaka 1982, na kabla yake walikuwapo wachezaji wengine. Andika kwamba siku hiyo Jackson aliuonyesha, na utakuwa umesema kweli bila kumpunguzia kitu.

Albamu nazo zina mtego wake. Kampuni hutangaza tarehe rasmi, kisha maduka huanza kuuza mapema, au nchi moja hupata santuri kabla ya nyingine. "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band" ya The Beatles ina tarehe rasmi ya 1 Juni 1967 nchini Uingereza, ingawa ilianza kuuzwa huko tangu 26 Mei. Andika tarehe rasmi, na pale unapojua ya dukani, iongeze.

Chagua kwa kuuliza ni nini kilichobadilika

Kalenda ina nafasi 366, na ukijaza siku za kuzaliwa na za kufariki pekee utazimaliza zote ndani ya wiki moja bila msomaji kujifunza lolote. Swali linalochuja vizuri ni hili: ni jambo gani lililowezekana baada ya siku hiyo ambalo siku iliyotangulia halikuwezekana, au halikuwahi kumjia mtu akilini? Tukio lisilo na jibu liache, hata kama limehusisha nyota mkubwa.

Jumatatu jioni ya tarehe 5 Julai 1954, katika chumba kidogo cha studio ya Sun mjini Memphis, kijana wa miaka 19 aliyeitwa Elvis Presley alikuwa pamoja na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Walikuwa wamejaribu nyimbo za taratibu na hawakupata kitu cha maana. Wakati wa mapumziko Presley akaanza kuuchezea wimbo wa bluzi, "That's All Right", kwa mwendo wa haraka, huku akicharaza gitaa lake kama mtu anayejifurahisha. Black akaidaka besi yake kubwa akamfuata, na Moore akatafuta mahali pa kuingilia. Mtayarishaji Sam Phillips, aliyekuwa upande wa mitambo, akawauliza wanafanya nini, kisha akawataka waanze tena ili arekodi. Hapakuwa na mpiga ngoma. Midundo yote unayoisikia katika santuri ile inatoka kwenye gitaa la Presley na kwenye nyuzi za besi zinazopigwa hadi zikagonga mti wake. Siku chache baadaye mtangazaji Dewey Phillips, ambaye hakuwa na undugu na Sam, aliurudia wimbo huo mara kadhaa katika kipindi chake, na santuri ikatolewa tarehe 19 Julai.

Sasa uliza swali. Wimbo wenyewe haukuwa mpya, kwani Arthur Crudup, aliyeutunga, aliurekodi mwaka 1946. Kilichobadilika ni mapigo, na zaidi ya mapigo, ni nani aliyeruhusiwa kusikika wapi, katika nchi ambayo soko la santuri na vituo vya redio viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Kwa hiyo maelezo ya siku hiyo yasiyomtaja Crudup, ambaye kwa muda mrefu alidai malipo yake ya utunzi bila kuyapata, yamekata nusu ya habari. Ndivyo ilivyo pia kwa Big Mama Thornton, aliyerekodi "Hound Dog" mwaka 1952, miaka minne kabla ya Presley kuurekodi wimbo huo huo. Nashauri kwa moyo wote kwamba kila unapoandika kuhusu wimbo uliorudiwa, jina la aliyetangulia liwemo katika sentensi ya kwanza au ya pili, lisisubiri hadi mwisho.

Usiku, saa na nchi

Muziki wa pop na roki ni kazi ya usiku, na usiku huvuka tarehe. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tuna msemo "usiku wa kuamkia". Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson walitumbuiza Clear Lake, Iowa, jioni ya tarehe 2 Februari 1959. Ndege yao ndogo iliruka karibu saa saba usiku, ikaanguka muda mfupi baadaye, wakafa wote watatu pamoja na rubani wao. Orodha moja itasema tarehe 2 na nyingine tarehe 3. Ukiandika "usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1959", tamasha na ajali vinakaa katika usiku mmoja, kama walivyouishi wao, na hakuna tarehe iliyovunjwa.

Kuwa mwangalifu pia unapohamisha saa kutoka katika vyanzo vya kigeni. Kituo cha televisheni cha MTV kilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981 dakika moja baada ya usiku wa manane, yaani saa sita na dakika moja usiku kwa hesabu yetu. Asiyeangalia huweza kuandika saa sita mchana na kulipeleka tukio hilo kwenye jua kali. Tofauti za nchi nazo zina uzito. John Lennon wa The Beatles alipigwa risasi nje ya nyumba yake New York tarehe 8 Desemba 1980, karibu saa tano kasoro dakika kumi usiku. Uingereza, alikozaliwa, ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 9. Kanuni ninayoifuata ni kuandika tarehe ya mahali tukio lilipotokea, na kuutaja mji kila mara.

Maneno "kwanza" na "mwisho"

Maneno haya mawili ndiyo yanayoharibu kalenda nyingi. Wengi huitaja "Rocket 88", iliyorekodiwa kwa Sam Phillips mjini Memphis mwezi Machi 1951, kuwa santuri ya kwanza ya roki. Ni santuri ya ajabu kwelikweli. Santuri imeandikwa jina la mwimbaji Jackie Brenston, ilhali bendi ilikuwa ya Ike Turner. Na sauti ile nzito yenye mikwaruzo ya gitaa la Willie Kizart ilitokana na amplifaya iliyoharibika njiani, ambayo Phillips aliijaza karatasi kwenye spika iliyopasuka, akaupenda mngurumo wake na kuuacha katika rekodi. Sikiliza sekunde kumi za mwanzo na utausikia, ukienda sambamba na piano. Lakini je, ni ya kwanza? Sister Rosetta Tharpe alikuwa akilicharaza gitaa la umeme na kuimba kwa nguvu za namna hiyo tangu miaka ya 1940, na wapo wengine wanaoweza kutajwa. Badala ya "ya kwanza", andika kilichomo: gitaa lenye mikwaruzo, mwaka huu, studio hii, kwa sababu hii. Hilo hakuna atakayekupinga.

"Mwisho" nalo hutaka neno la kulifafanua. Onyesho la mwisho la The Beatles ni lipi? La mwisho lililolipiwa kiingilio lilikuwa San Francisco, katika uwanja wa Candlestick Park, tarehe 29 Agosti 1966. La mwisho hadharani lilikuwa juu ya paa, London, tarehe 30 Januari 1969. Na bendi ilivunjika lini? Lennon aliwaambia wenzake faraghani mwaka 1969 kwamba anajitoa. Magazeti yalitangaza kuondoka kwa Paul McCartney tarehe 10 Aprili 1970. Kesi ya kuuvunja ushirika wao ilifunguliwa tarehe 31 Desemba mwaka huo huo. Kila moja ya siku hizo inastahili mstari wake, na msomaji atakushukuru ukimwonyesha kwamba bendi kubwa huvunjika taratibu, kama ndoa.

Pale hadithi inapokuwa tamu mno

Tukio linaposimuliwa sana hupata mapambo, na mapambo hukaa kuliko tukio. Tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la Newport, Rhode Island, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme akiwa na bendi, akapiga nyimbo tatu, akazomewa na baadhi ya watu, akaondoka, kisha akarudi na gitaa la kawaida. Hayo yanathibitika. Sababu ya kuzomewa ndiyo yenye ubishi: wapo waliochukizwa na umeme katika tamasha la nyimbo za jadi, wapo waliolalamikia mitambo iliyofanya maneno yasisikike, na wapo waliokasirishwa na ufupi wa onyesho. Kisa cha mwimbaji wa nyimbo za jadi Pete Seeger kutaka kukata nyaya kwa shoka kimekua hadi watu wakamwona na shoka mkononi. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alisema angekuwa na shoka angeukata waya, kwa kuwa maneno ya wimbo yalikuwa hayasikiki. Katika hali kama hiyo usichague sababu moja kwa kuwa inavutia. Ziandike zote tatu kwa ufupi, na uache shoka mahali pake, ndani ya maneno ya Seeger.

Hata mahali huweza kukosewa kwa miaka mingi. Katika onyesho jingine, mtu mmoja katika hadhira alimwita Dylan "Yuda" kwa sauti kubwa, na kanda ya usiku huo ikazunguka kwa magendo ikiwa na maandishi ya kwamba ilirekodiwa Royal Albert Hall, London. Ukweli ni kwamba ilikuwa Free Trade Hall, Manchester, tarehe 17 Mei 1966, na rekodi hiyo ilipotolewa rasmi mwaka 1998 jina la London lilibakizwa ndani ya alama za kunukuu kwa sababu ndilo watu walilolizoea. Jengo hilo hilo la Manchester lilikuwa na ukumbi mdogo ambamo bendi ya panki ya Sex Pistols ilipiga tarehe 4 Juni 1976 mbele ya watu makumi machache tu. Waliodai baadaye kwamba walikuwapo wangejaza uwanja. Ndiyo maana kumbukumbu za waliohudhuria, hata wale waaminifu, huja mwisho katika mpangilio wa ushahidi. Tangulia na karatasi za siku yenyewe: fomu za chama cha wanamuziki cha Marekani, ambazo huandikwa tarehe, saa na majina ya waliopiga, matangazo ya magazeti, mabango na tiketi, kisha kanda zenyewe. Kumbuka pia kwamba tarehe ya chati ni tarehe ya toleo la jarida, na mauzo yanayohesabiwa yalifanyika kabla yake.

Na jina la tukio lisikudanganye kuhusu mahali. Tamasha la Woodstock halikufanyika Woodstock, lilifanyika Bethel, jimbo la New York, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, Agosti 1969. Lilitangazwa la siku tatu, kuanzia tarehe 15 hadi 17, lakini mvua na ucheleweshaji viliisukuma zamu ya Jimi Hendrix hadi asubuhi ya Jumatatu tarehe 18, wakati sehemu kubwa ya umati ilikuwa imekwisha kuondoka.

Matukio yasiyo na picha

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayokosekana katika orodha nyingi. Baadhi ya mageuzi makubwa ya muziki hayakutokea jukwaani. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu iliyobeba zaidi ya dakika 20 kila upande, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Albamu kama kazi moja na wimbo mmoja mmoja kama bidhaa vikapata vyombo vyake.

Tarehe 25 Mei 1991 ni siku ambayo haina picha hata moja. Kabla ya hapo jarida la Billboard liliandaa chati ya albamu kwa kuwauliza wauzaji wa maduka ni zipi zinazouzwa zaidi, na majibu yao yalichanganyika na mazoea, upendeleo na ushawishi wa kampuni. Kuanzia toleo la siku hiyo, hesabu ilitokana na msimbopau uliosomwa na mashine kwenye kaunta ya malipo. Ghafla ikaonekana kwamba muziki uliodhaniwa kuwa wa pembezoni ulikuwa na wanunuzi wengi mno: mwezi Agosti bendi ya roki nzito Metallica waliingia chati moja kwa moja wakiwa namba moja, na Septemba Garth Brooks akafanya hivyo kwa muziki wa kantri. Albamu ya bendi ya roki Nirvana, "Nevermind", ilitolewa tarehe 24 Septemba 1991, na katika toleo la tarehe 11 Januari 1992 ikaiondoa ile ya Michael Jackson kileleni. Watu husimulia siku hiyo ya Januari kama ushindi wa gitaa dhidi ya pop. Ni sawa, lakini bila ile mashine ya Mei huenda habari hizo zingechelewa kufika, na kalenda yenye tarehe zote tatu humwezesha msomaji kuyaona mwenyewe.

Kuandika maelezo yenyewe

Sentensi tatu au nne zinatosha kwa kila siku. Ya kwanza iwe na kitenzi, mtu na mahali; ya pili itoe jambo moja linaloonekana au kusikika; inayofuata iseme kilichobadilika au itaje mipaka ya dai lako. Kwa mfano:

"30 Januari 1969. The Beatles walipiga juu ya paa la ofisi zao, namba 3 Savile Row, London, kwa muda wa dakika 42, mchana wa baridi, wakisaidiwa na Billy Preston kwenye piano ya umeme. Wafanyakazi wa ofisi za jirani walipanda juu ya paa zao kutazama, na polisi wakaja kutaka kelele zipunguzwe. Lilikuwa onyesho lao la mwisho hadharani wakiwa wote wanne. La mwisho la kulipiwa lilikuwa San Francisco, mwaka 1966."

Hakuna sifa hata moja humo, kama "la kihistoria" au "lisilosahaulika", na maelezo hayo hayazihitaji. Ukijikuta unaandika neno la namna hiyo, mara nyingi ni dalili kwamba bado hujapata lile jambo la kuonekana au kusikika, kwa hiyo rudi ukalitafute kwenye kanda au gazeti.

Tunza daftari la pembeni ambamo kila tarehe ina maelezo ya ulikoitoa na siku uliyoihakiki, kwa kuwa masahihisho yatakuja, na mengine yatatoka kwa wasomaji wanaojua kuliko wewe. Siku isiyo na tukio lililokidhi swali lako iache wazi. Na tukio ambalo lina mwezi lakini halina siku ya uhakika liweke mwanzoni mwa mwezi wake, bila namba. Vyanzo vya "Rocket 88" vinagongana kati ya tarehe 3 na tarehe 5, kwa hiyo katika kalenda yangu imekaa juu kabisa ya ukurasa wa Machi, imeandikwa "1951" tu.